Pikipiki Yenye Njaa

"Ukiiwasha tena hapa dirishani kwangu, nakuja kuizima kwa ndoo ya maji."

"Njoo uizime, mama. Ndoo ikiisha nitakujazia nyingine."

Walipofika hapo mtaa mzima ulikuwa umeshatoka nje, maana mtaa ule haukuwa na tabia ya kuacha ugomvi ukose mashahidi. Kinyozi alimwacha mteja wake kichwa nusu, akaja kusimama mlangoni na mashine inanguruma mkononi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walisahau foleni. Mwenye duka alipunguza redio. Wengi hawakujua maneno yalianzia wapi, lakini kila mmoja alikuwa na upande wake tayari.

Mwenye fagio, aliyesimama kwenye ngazi ya mlango wake huku unga umemkaa kwenye nyusi, alikuwa Mama Mashine, mwanamke mwenye kinu cha kusaga nafaka cha mtaa ule. Mwenye pikipiki alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, dereva ambaye jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye leseni tu. Mtaani aliitwa Teremka.

Jina hilo hakulichagua. Pikipiki yake ilikwenda vizuri kwenye tambarare, lakini ikikutana na kile kilima cha shuleni chenye kona tatu, ikifika kona ya tatu ilikata pumzi. Hapo ndipo alipogeuza shingo na kumwambia abiria, kwa adabu zote, "Teremka kidogo, tutakutana juu." Watu waliteremka, wakacheka, wakasamehe. Mpaka siku alipombeba mama mkwe wake, mama wa watu kavaa viatu vya kisigino, akamteremsha kona ya tatu, na kwa kuwa pikipiki ilikuwa inarudi nyuma, mama mkwe akalazimika kuisukuma. Mwanamume akishamsukumisha mkwewe pikipiki mchana kweupe, mtaa hauhitaji habari nyingine kwa mwaka mzima.

Ndiyo maana asubuhi ile Teremka alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Saa tisa alasiri alikuwa na mtihani. Shule ya bweni iliyo juu ya kilima ilikuwa imepatana na mwokaji mikate kwamba mikate ipelekwe kila siku, kwa pikipiki moja na dereva mmoja, mwaka mzima. Mwokaji hakutaka barua wala maneno matamu, alitaka kuona kwa macho yake. Kreti nne za mikate nyuma, kutoka mlango wa tanuri hadi geti la shule, na dereva asishushe mguu chini njia nzima hata mara moja. Akishusha mguu amekwisha, kwa sababu pikipiki ikishayumba na kusimama kilimani, mikate ya chini hubanwa ikawa kama soli za viatu.

Waliojitokeza walikuwa wawili tu. Mmoja Teremka, na mwingine Miwani, kijana mwenye pikipiki mpya kubwa, ambaye alivaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba.

Kwa ajili ya siku hiyo Teremka alikuwa ameifumua pikipiki yake na kuifunga upya. Sproketi ya nyuma, lile gurudumu linalovutwa na cheni, ilikuwa ya meno mengi zaidi ili iwe na msuli wa kupanda. Cheni mpya ya kwenda nayo. Shokapu ngumu za kubebea mzigo. Vyote hivyo alifungiwa na fundi wake, mtu anayejua kazi. Kisha fundi akasafiri, na Teremka akajiongeza mwenyewe: akanunua ekzosi, bomba la kutolea moshi. Si ile ya kiwandani iliyokuwa ikinong'ona kama mtu mwenye mafua. Hii ilikuwa fupi, nene, inang'aa, mdomo wazi. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akapiga kiki, na vifuniko vya masufuria vikacheza hadi nyumba ya tatu. Moyo wake ukacheza navyo. Kwake yeye, na kwa madereva wote wa kituoni kwake, jambo lilikuwa halina mjadala: pikipiki inayonguruma ina nguvu, na inayonguruma zaidi ina nguvu zaidi. Nani amewahi kumsikia simba akinong'ona?

Siku tatu zile alibeba abiria wa tambarare tu. Kilimani hakugusa, maana hakutaka Miwani aione silaha yake mapema. Na siku tatu zile Mama Mashine alikuwa akitoka na fagio kila injini ilipowaka.

"Mimi sikukatazi kelele," Mama Mashine alisema sasa, akishuka ngazi moja. "Nimeishi na kelele miaka ishirini na miwili. Nakukataza kuitesa. Hiyo pikipiki ina njaa."

Mtaa ukacheka, na Teremka akachomwa. Alivyoelewa yeye, mama huyu alikuwa anamtangazia watu kwamba ni mtu wa kushindwa kulisha hata chuma. Akamjibu kwamba yeye asage unga wake, injini awaachie wenye leseni. Kinyozi akapiga mluzi. Teremka akapiga kiki, akazungusha mkono wa usukani akavuta moto mara tatu palepale dirishani, akaondoka kwenda kukijaribu kilima huku ekzosi ikipasua pa, pa, pa kila alipoachia moto. Yeye alisikia makofi.

Kona ya kwanza alipanda kama anakwenda harusini kwake. Kona ya pili akaanza kupanga maneno atakayomwambia Miwani. Kona ya tatu injini ikakohoa. Akavuta moto zaidi. Ikakohoa zaidi, joto likamchoma ugoko, kisha kukawa kimya, chuma tu kikilia tik, tik, tik kwa kupoa. Zamani pikipiki yake ilikuwa inachoka. Leo, pamoja na spea zake zote mpya, ilikuwa imezimia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka kilima na kikapu chake, kwa miguu yake mwenyewe, alimtazama akauliza kwa upole, "Na mimi niteremke?"

Alirudi chini kwa mteremko, injini haifanyi kazi. Ilikuwa saa tano na nusu. Simu ya fundi haikupatikana. Muuza spea aliyemuuzia ekzosi alisikiliza maelezo yote, akasema yeye kazi yake ni kuuza, hafungishi ndoa. Kama bomba na injini hawaelewani, waitiwe fundi. Teremka akasimama nje ya duka, jua utosini, akihesabu saa zilizobaki kwa vidole vyeusi vya oili. Na katikati ya kuhesabu, neno la asubuhi likamrudia. Njaa. Mbona hakusema mbovu? Mbona hakusema kelele? Mtu aliyekasirika hutukana kwa neno lililo karibu, na neno lile halikuwa karibu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Teremka akageuza pikipiki, akaisukuma hadi kinuni.

Mama Mashine alikuwa anamsagia mteja debe la mahindi. Hakugeuka. Teremka akasimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. Debe likaisha, mteja akaondoka polepole kwa kutaka kusikia, ndipo mama akafuta mikono.

"Imezimia kona ya ngapi?"

"Ya tatu, mama."

"Ningeshangaa ingepita."

Kilichomshangaza Teremka ni kwamba hakukuwa na kejeli katika sauti ile. Kulikuwa na haraka. Mama Mashine alikuwa ameshavua aproni, anakuja nje huku anamwamuru afungue plagi. Alikuwa amekisagisha kinu kile kwa injini ya petroli miaka yote ile, analala nayo masikioni, anaamka nayo, anajua kwa mlio tu kama inaumwa. Mwaka jana mwenye jengo aliweka mota ya umeme. Mota haiumwi, mama alisema, lakini pia haizungumzi. Inavuma tu kama nzi. Tangu hapo hakuwa amepata injini ya kuongea nayo, mpaka jirani alipomletea moja dirishani ikilia njaa siku tatu mfululizo, na mwenyewe haisikii.

Plagi ikatoka. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Unaona? Midomo imemkauka." Akaigeuza kwenye mwanga. "Ingekuwa nyeusi ya masizi, ningesema amevimbiwa. Tunataka rangi ya ganda la mkate ulioiva. Wewe umemfungulia bomba, anapumua apendavyo, lakini petroli inayoingia ni ileile ya zamani. Umempa pumzi za mtu mzima na chakula cha kichanga. Kwenye tambarare atavumilia. Kilimani ukimwomba nguvu, atazimia."

Dawa yake, akaeleza, ni kitu kidogo kuliko ncha ya kidole. Ndani ya kabureta kuna kipande cha shaba chenye tundu, mafundi hukiita jeti, na petroli yote ya mwendo hupita humo. Tundu likiwa kubwa kidogo, chakula huongezeka. Kisha akamtazama Teremka usoni.

"Bomba kama hili halitoki kiwandani peke yake. Kwenye boksi kulikuwa na nini kingine?"

Teremka akaanza kusema hakuna kitu, kisha akakumbuka. Kulikuwa na kimfuko. Ndani yake vitu viwili vidogo vya shaba, vimetobolewa, vina namba ambazo hata kusoma ni shida. Yeye aliviona kama mapambo. Alimpa mke wake, akamwambia ni shanga.

Mama Mashine alifumba macho, kama mtu anayeomba subira, akapaza sauti juu ya ukuta kumwita mke wa Teremka. Aliitikia upesi kuliko Teremka alivyotarajia, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Kazi yake ya jioni huyu bibie ilikuwa kufuma vitambaa vya kufunikia majagi, vile vyenye shanga pembezoni za kuvizuia visipeperuke. Ndiyo, alivikumbuka vile viwili. Alikuwa amepungukiwa na shanga mbili hasa, akavishonea.

Teremka akataka kumbusu. Akamwambia akimbie akakilete hicho kitambaa.

Mke hakukimbia. Alitazama chini. Kisha akamtazama Mama Mashine, na Mama Mashine ghafla akaona kitu cha kuvutia sana kwenye paa la jirani.

Ikabidi mtama umwagike. Kitambaa kile hakikuwa nyumbani. Kilikuwa sebuleni kwa Mama Mashine, juu ya jagi lake la maji, tangu juzi. Mke alikuwa amekipeleka kuomba radhi kwa ajili ya makelele ya mumewe, akaambiwa akae kidogo, akakaa, na jana akarudi tena kukaa. Wakati Teremka akirushiana maneno dirishani, mkewe na adui yake walikuwa wameshafikia kuelezana habari za uzazi. Nyumba yake ilikuwa imeshafanya amani; yeye peke yake ndiye alikuwa hajapata taarifa, bado yuko vitani.

"Tutagombana kesho," mke alisema. "Leo una saa mbili."

Wakaingia sebuleni wote watatu, na mtaa ukajaa mlangoni nyuma yao. Jagi lilikuwa katikati ya meza. Shanga za kioo za buluu zilizunguka kitambaa, na kati yake, zimekaa kwa heshima zote, jeti mbili za shaba. Mke mwenyewe alizikata uzi kwa wembe. Nyuzi zilikuwa zimeziba matundu, na Teremka akanyakua sindano ya kuzibulia, akapigwa kofi mkononi.

"Sindano inapanua tundu," Mama Mashine alisema. "Unataka kulisha pikipiki au kumwagilia bustani?"

Kinyozi akakimbia kuleta pampu ya baiskeli. Wakazipuliza hadi mwanga ukapita katikati, mviringo safi.

Teremka alifunga koki ya petroli, akafungua kikombe cha chini ya kabureta, petroli kidogo ikamwagika kwenye vidole vyake na harufu yake ikampanda kichwani. Akaitoa jeti ya zamani kwa bisibisi bapa. Wakaanza na ile yenye tundu kubwa. Akaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na Mama Mashine, macho yamefumbwa, mkono hewani, akatikisa kichwa kabla hajafika. Ilikuwa inabwabwaja. Plagi ikatoka nyeusi.

"Sasa amevimbiwa. Weka ndogo."

Wakaweka ndogo. Safari hii Mama Mashine aliinua mkono na hata redio ya dukani ikazimwa. Teremka alisikia mabadiliko kabla hajafika kwenye duka. Ule mlio wa kupasua ulikuwa umeondoka. Badala yake ulikuja mvumo mzito, wa chini, unaotoka kifuani, na alipoachia moto hakukuwa na pa hata moja. Aligeuza, akarudi, akazima, akafungua plagi bila kuambiwa, vidole vikiungua na hajali. Ncha ilikuwa ya kahawia. Kahawia ya ganda la mkate.

"Ameshiba," Mama Mashine alisema, akajifuta macho kwa kiganja chenye unga, na kinyozi akampigia makofi kama kwamba ni yeye aliyeshiba.

Saa tisa kasorobo kinu kilifungwa, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona siku ya kazi. Mama Mashine alipanda kilima mapema kwa miguu akaenda kusimama kona ya tatu, na nusu ya mtaa ikamfuata. Mwokaji alikuwa ameshafika huko na kigoda chake, maana habari za kona ile zilikuwa zimemfikia siku nyingi.

Miwani alitangulia. Pikipiki yake kubwa ilimeza kona mbili za kwanza kama hazipo. Lakini gia zake zilikuwa ndefu, za barabara kuu, na kwenye kona ya tatu mwendo ulipokufa akachelewa kushusha gia, pikipiki ikalala upande, na ncha ya kiatu chake ikagusa changarawe. Ikagusa tu. Alimweleza mwokaji kwamba kile kilikuwa kiatu, si mguu. Mwokaji akamuuliza kama kiatu kilikuja peke yake.

Kisha wakamsikia Teremka kabla hawajamwona. Ule mvumo wa kifuani ulipanda kilima polepole, bila pupa. Kona ya kwanza. Ya pili. Yeye mwenyewe, juu ya kiti, alikuwa hasikii watu, anasikia injini tu, na kreti nne nyuma yake zikipumua juu ya shokapu mpya. Akaingia kona ya tatu na gia ya kwanza. Mwendo ukapungua, ukapungua tena, usukani ukaanza kutikisika. Na hapo mwili wake ukakumbuka. Mara ngapi alikuwa amefia mahali hapa? Kila alipovuta moto hapa, injini ilikufa, kwa hiyo mkono wake ulikuwa umejifunza kulegea wenyewe, na mguu wake wa kushoto, bila ruhusa yake, ulikuwa umeshatoka kwenye kikanyagio, unaning'inia, shibiri moja kutoka chini. Nusu shibiri.

Hakupiga kelele Mama Mashine. Alisema tu, kwa sauti ya kinuni, ile ya kupita juu ya mashine, "Mlishe."

Teremka akavuta moto wote.

Haikukohoa. Tairi la nyuma liliuma changarawe, cheni ikakaza, na pikipiki ikamchukua, ikamnyanyua kutoka mahali pale kama mtu aliyeshikwa kwapa na kaka zake. Mguu ulirudi kwenye kikanyagio wenyewe. Nyuma yake watu walikuwa wanakimbia na kupiga kelele, kinyozi akiwa mbele, na Teremka akajisikia anacheka ndani ya kofia, peke yake, hadi kioo cha mbele kikaingia ukungu.

Getini alimkuta mama stoo wa shule, kidole mdomoni. Ndani kulikuwa na wanafunzi kwenye mtihani, akasema kwa kunong'ona, na dude lile lisithubutu kuvuka pale na mlio wake. Leo wala siku nyingine. Teremka akazima. Akashuka, akashika usukani, akaisukuma pikipiki kwa hiari yake kutoka getini hadi mlango wa stoo, na haijawahi kutokea mtu akasukuma pikipiki kwa furaha kama ile. Mama stoo akafungua kreti ya chini kabisa, akabonyeza mkate kwa kidole gumba. Ulibonyea, ukarudi juu taratibu. Akabonyeza mwingine. Kisha akaitia sahihi karatasi ya mwokaji, ambaye alifika akihema na kigoda chake kwapani, akamwambia Teremka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na asichelewe.

Aliporudi mtaani jua lilikuwa linaanza kulegea. Alikuwa na mengi ya kumwambia mkewe, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa, na dirisha kimya. Kelele zilikuwa ng'ambo ya ukuta: sahani zikigongana, kinyozi akiwahadithia waliokuwepo kitu walichokiona kwa macho yao, kicheko cha mkewe juu ya vyote. Mama Mashine alitokea mlangoni kwake, safari hii bila fagio, akamkuta bado amekaa juu ya pikipiki, injini inavuma taratibu.

"Muache apumzike," alisema. "Keshafanya kazi yake."

Teremka akazima. Akaangalia viatu vyake, vimejaa vumbi na oili, akaangalia sakafu ya watu inavyong'aa, akasema atapita kwanza nyumbani akanawe.

"Unakwenda kunawa wapi, maji yamekosekana hapa?" Mama Mashine akasogea kando, mlango ukabaki wazi kabisa. "Mkeo keshapakua, na kinyozi hana subira na sahani ya mtu. Ingia ule, mwanangu."